Mahali Alipozama Mang

Mimi naitwa Dagdu, yaani jiwe. Kabla yangu mama alizaa watoto watatu wakafa, basi nilipokuja mimi wakanipa jina ambalo kifo kikilisikia hakitatamani kitu. Limefanya kazi. Nina miaka hamsini na sita na sijawahi kulazwa hata na homa. Mama yangu mkubwa, mke wa kaka yake baba, anaitwa Nakusa, yaani asiyetakiwa. Alikuwa binti wa tano kwao, na wazazi wake walitaka miungu ielewe kwamba wametosheka. Kwa hiyo mkisikia kwamba jiwe na asiyetakiwa walikwenda kwenye mkutano wa kijiji kupigania jina zuri la mtaa wao, chekeni tu. Sisi wenyewe tulianza kwa kucheka.

Kazi yangu ni kuchora mabango. Upande wetu huu wa Marathwada, India, nimeandika majina ya vijiji hata sikumbuki idadi. Nimeandika Chincholi tisa, na chinch ni mkwaju, lakini katika hizo tisa nilikuta mkwaju mmoja tu, nao umepigiliwa misumari na picha ya mgombea. Nimeandika Dhangarwadi, kwa wachunga kondoo, ambako kondoo wa mwisho aliliwa kabla sijazaliwa. Kijiji chetu chenyewe ni Karanjsole, kwa sababu ya mikaranji ambayo babu zetu waliikata wakapikia. Ukichora mabango miaka thelathini unagundua kwamba watu wanapenda kuita mahali kwa jina la kitu walichokwisha kukimaliza.

Mtaa wetu uliitwa Mangbudi. Mahali alipozama Mang. Mang ndio sisi, watu wa kusokota kamba na kupiga ngoma kwenye harusi za watu wasiotukaribisha kula. Barua zilikuja Mangbudi, kadi za mgao wa nafaka ziliandikwa Mangbudi, na mtoto akienda shule ya kule juu, kwa watu wa matabaka ya juu, akaulizwa anatoka wapi, akishasema Mangbudi mwalimu hakuwa na haja ya kuuliza zaidi, alimwonyesha tu pa kukaa. Ni Mang gani aliyezama, lini, kwa sababu gani, jina halikusema. Lilisema tu kwamba kilichozama kilikuwa Mang, kama mtu anavyosema pale alipotumbukia nyati.

Aliyezama ni Hariba, baba yangu mkubwa.

Ilikuwa mwaka wa ule ukame mkubwa, mimi nina miaka saba. Bapusaheb Patil, mwenye mashamba yote mnayoyaona mpaka kwenye kilima, alikuwa anachimbisha kisima karibu na vibanda vyetu, na wanaume wetu walichimba kwa ujira wa mtama. Hariba alikuwa chini kabisa na mtaimbo wake. Saa nne asubuhi ukuta wa upande mmoja ukaporomoka ukamfunika. Waliokuwa juu walidhani amekufa palepale, mpaka waliposikia chuma kinagonga jiwe kule chini. Wakaanza kufunga kamba. Bapusaheb akaja, akachungulia, akaona kwamba pale ukuta ulipobomoka maji yameanza kutoka. Maji, mwaka ule. Akakataza mtu yeyote asishuke. Alisema wakiyagusa yale mawe mkondo utaziba, maji yaachwe kwanza yajitengenezee njia, Mang atasubiri. Chuma kikagonga mara ya pili, jua likiwa utosini. Kikagonga mara ya tatu. Mama mkubwa, bibi harusi wa mwaka mmoja, alikuwa amekaa ukingoni, wanawake wawili wamemshika mabega. Kisha maji yakapanda.

Walimtoa kesho yake. Na hapo ndipo penye kichekesho: maji yaliyolaliwa na maiti ya Mang, nani atayanywa? Kijiji kizima kilikataa. Ili kuyatakasa wakamwaga maziwa, wakamwaga mkojo wa ng'ombe, kuhani akasoma mpaka sauti ikamkauka, na bado hakuna mwanamke wa kule juu aliyekubali kuteremsha ndoo. Mwishowe Bapusaheb akayapeleka kwenye miwa. Miwa haiulizi tabaka la mtu.

Basi miaka arobaini na tisa baadaye serikali ya jimbo ikatoa amri: mitaa na vitongoji vyote vinavyobeba majina ya matabaka vibadilishwe, majina hayo yanadhalilisha watu. Kila kijiji kikae mkutano, kichague jina jipya, kijaze fomu. Fomu ilikuwa na safu tatu: jina la zamani, jina jipya, na asili na maana ya jina jipya. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa Ranjit Patil, mtoto wa Bapusaheb, mtu mwenye meno mazuri na tabia ya kukushika bega anapokunyima kitu.

Vijana wetu walitaka mtaa uitwe Usawa. Wengine walitaka jina la kiongozi, wakashindwa kukubaliana ni kiongozi gani. Mama mkubwa alinikuta nje nakoroga rangi ya buluu, akachuchumaa mbele yangu.

"Bango utalichora wewe?"

Nikamwambia nani mwingine, labda nyani.

"Basi utaliandika jina lake yeye."

"Yeye nani?" nikamtania, kwa maana nilijua hawezi kumtaja.

Kwetu mke hataji jina la mumewe. Inasemekana kila akilitaja anampunguzia siku za kuishi, na ungedhani kwa mume aliyekufa akiwa na miaka ishirini na mitatu hakuna tena cha kupunguza, lakini mama mkubwa hakulitamka miaka yote arobaini na tisa. Alikuwa akisema "yeye", au "wale", au "mwenye nyumba". Siku aliyokwenda kuandikishwa posho ya wajane, karani alimwuliza jina la marehemu, naye akaninyooshea kidole mimi: mwulize huyu. Karani akaandika kwamba alikuwa mke wa Dagdu. Tulikula miezi minne kulirekebisha lile.

Nikamwambia ninamwelewa, ila asitegemee sana. Akaniambia hategemei, anataka. Watu wanapita pale wanasema Mangbudi, Mangbudi, kama vile lilianguka jiwe. Alikuwa mtu. Alipenda pilipili ya kusagwa na mkate wa mtama, alikuwa na kigugumizi kidogo akikasirika, na alibisha mara tatu. Yote hayo alitaka yaandikwe. Nikamwambia bango halina nafasi ya kigugumizi. Akasema basi hayo mengine yaende kwenye ile safu ya tatu ya fomu, na jina liende kwenye bango, na maana iwe ile ya kweli.

Mkutano ulikaa mbele ya hekalu la mungu Maruti, asubuhi. Wa kule juu walikaa kwenye ngazi, sisi chini karibu na mfereji, kila mtu mahali pake bila kuelekezwa. Alikuwepo ofisa kutoka wilayani, amewekewa kiti na feni ya kusimama. Ilipofika zamu ya mtaa wetu nikasimama, nikasema ninapendekeza kwa niaba ya mama yangu mkubwa kwamba mtaa upewe jina la marehemu mume wake. Ranjit hakuniacha nimalize. Alisema kwa upole kabisa kwamba Dagdu ndiye atakayepewa kazi ya mabango, na mwenye kazi hapendekezi, isije ikasemwa anajipendelea. Mwenye pendekezo asimame aseme jina mwenyewe. Hiyo habari ya kazi ya mabango ndiyo kwanza nilikuwa naisikia. Nilikaa haraka kuliko ilivyofaa.

Mama mkubwa akasimama. Akasema anapendekeza jina la yeye.

"Yeye yupi, mama?" Ranjit akauliza.

"Yule wa kisimani."

"Karani hawezi kuandika 'yule wa kisimani'. Au tuuite mtaa Yeyenagar?"

Nagar ni mji, yaani mji wa Yeye. Ngazi zote zikacheka. Na chini kwetu wakacheka, kwa sababu ilichekesha. Hata mimi nilicheka, nikajifanya ninakohoa. Mtu mmoja kule juu akauliza kama huyo yeye ni mwigizaji wa filamu. Mwingine akasema mwacheni, bibi harusi anaona haya. Kisha mke wa Ranjit, aliyekaa na wanawake wenzake upande wa kivuli, bangili zake za kijani mpaka kwenye kiwiko, akasema kwa sauti tamu kwamba kama mama anaona haya kulitaja hivihivi, basi aseme ukhana.

Ukhana ni ule ushairi wa mistari miwili. Siku ya harusi bibi harusi anazuiwa mlangoni, haingii mpaka atunge mistari miwili na kulificha jina la mumewe ndani yake, na tangu hapo kwenye kila sherehe wanawake wenye waume wanashindana kwa hizo ukhana wakicheka na kusukumana. Ndipo pekee mke anaporuhusiwa kulitaja. Lakini mjane hasemi. Mjane aliyevunjiwa bangili hasogei hata pale zinaposemwa. Kumwambia mjane aseme ukhana mbele ya kijiji ni kama kumwambia acheze ngoma juu ya kuni zinazomchoma mumewe.

Wanawake wakaanza kupiga makofi ya kumhimiza, u-kha-na, u-kha-na, wanaume wakadakia. Ranjit akainua mkono wakanyamaza.

"Haya, mama. Sema ukhana, nami nitaandika."

Nilidhani atakaa. Niliomba akae. Alivuta ncha ya sari yake akajifunika kichwa kama msichana aliyesimama kizingitini, akaangalia chini, akasema, wala hakuinua sauti:

"Maji ya Patil ni matamu, yananywesha miwa;
Hariba alibisha mara tatu, hakufunguliwa."

Ilikuwa mara ya pili katika maisha yake kulitamka jina hilo. Mke wa Ranjit alishika bangili zake kama mtu anayezizuia zisilie. Juu ya ngazi walikuwepo wazee wanne au watano waliokuwa ukingoni siku ile wakiwa vijana, na kila mmoja wao alipata kitu cha kuangalia kwenye kucha zake za miguu. Nilisikia feni ya ofisa.

Sasa mtu mpumbavu angekasirika hapo. Ranjit si mpumbavu. Aliona vijana wetu wameinua simu zao wanarekodi, akaona ofisa ameacha kunywa chai. Tabasamu lake halikupungua hata jino moja. Akasema ni ukhana nzuri sana, akawa wa kwanza kupiga makofi, na kijiji kizima kikapiga. Akatangaza kwamba jina limepita, mtaa utaitwa Haribanagar, na kwamba hata marehemu baba yake angefurahi. Mama mkubwa akakaa, akaniuliza sikioni: "Limepita?" Nikamwambia limepita. Akauliza tena. Siku ile mtaa mzima ulipika kitamu, na mimi nilimtania kwamba sasa kwa kuwa amemtaja hadharani, Hariba lazima amepungukiwa siku huko aliko, atarudi kuzaliwa upya mapema. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nakumbuka kwa sababu sijamsikia akicheka tena.

Siku ya tatu Ranjit akaniita ofisini. Karani wa kijiji, Joglekar, alikuwa amekwisha kuijaza fomu kwa mwandiko wake wa shule. Mezani pembeni kulikuwa na karatasi nyingine: oda ya mabango ya vijiji vyote vya tarafa, jina langu juu. Nikapewa fomu nisome. Safu ya tatu ilisema hivi:

"Hariba Avaghade alikuwa mtumishi mwaminifu wa nyumba ya marehemu Bapusaheb Patil. Wakati wa ukame aliteremka kisimani kwa hiari yake na kuutoa uhai wake ili kijiji kipate maji, na Bapusaheb alimlilia kama mwanawe. Mtaa umepewa jina lake kwa shukrani ya nyumba ya Patil."

Nikamwambia Joglekar kwamba maji yenyewe kijiji hakikuyanywa. Joglekar akaniangalia kama nimemwonyesha kosa la nukta.

"Mama yako hajui kusoma," Ranjit akasema, akimenya karanga. "Anakuja kuweka dole gumba. Msomee wewe, anakuamini. Msomee vizuri."

"Vizuri ndio vipi?"

"Wewe ni fundi wa herufi, unaniuliza mimi?" Akanishika bega. "Akikataa kuweka dole, jina linaanguka. Na jina lililokuwa la pili kwenye orodha unalijua."

Nililijua. Lilikuwa Bapusaheb Nagar.

Mama mkubwa akaja. Alikuwa amevaa sari yake ya kwenda hijani, na alikuwa amesugua dole gumba kwa jivu mpaka likawa jeupe. Akakaa sakafuni, karibu na mlango. Nikaishika fomu, macho yangu kwenye maneno ya Joglekar, na mdomo wangu ukasoma:

"Hariba Avaghade alikuwa anachimba kisima cha Bapusaheb Patil wakati wa ukame. Ukuta ulimfunika akiwa hai. Alibisha mara tatu kwa mtaimbo, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka. Mtaa umepewa jina lake ili watu wajue."

Lilitoka laini kabisa. Joglekar aliacha kalamu. Mama mkubwa alikuwa amefumba macho.

"Soma tena," akasema.

Hapo jasho likanitoka, kwa sababu uongo wa kwanza ulikuja wenyewe, lakini wa pili ulibidi ufanane nao. Nikasoma tena. Nikaanza na Bapusaheb badala ya Hariba.

"Mwanzo ulianza na yeye."

"Macho, mama mkubwa. Mistari ya karani imebanana."

Alinitazama kidogo. Kisha akanyoosha dole, Joglekar akamshika mkono kwa ncha za vidole vyake viwili, akaligandamiza kwenye wino na kwenye karatasi. Mama mkubwa akalipuliza likauke. Akamshukuru Ranjit, akamwita baba.

Nilijiambia kwamba angekataa angekosa vyote. Nilijiambia kwamba maneno yatakaa kwenye faili, na faili italiwa na mchwa, lakini bango litabaki barabarani na jina la mtu wetu. Hii ya pili niliipenda sana, niliirudia njia nzima ya kurudi nyumbani. Kuhusu ile oda ya mabango sikujiambia kitu.

Nikalichora. Sijawahi kuchora herufi nzuri kama zile, nyeupe juu ya buluu, kivuli chekundu kwa chini, mstari wa juu umenyooka kama kamba iliyokazwa. Mama mkubwa alikuja kila siku kuniangalia. Hakujua herufi lakini aliniuliza ipi ni ipi, akajifunza kuzionyesha kwa kijiti: hapa ha, hapa ri, hapa ba. Aliwaonyesha majirani. Watoto wa mtaa walimwita mwalimu.

Siku ya kulifunua walileta hema na spika. Mama mkubwa aliwekwa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, kitu ambacho mtu wa mtaa wetu hakuwahi kufanyiwa mbele ya Patil, akapewa chai kwenye kikombe kilekile walichonywea wengine. Ranjit akamvika shali mabegani, akampa nazi ya heshima mkononi, wakapigwa picha. Kisha akakata utepe, akachukua kipaza sauti, akasema kwamba jina bila maana ni ubao tu, kwa hiyo atawasomea wananchi maana.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka thelathini ya mabango, na sikufikiria kwamba karatasi inaweza kusomwa kwa sauti.

Akasoma. Mtumishi mwaminifu. Kwa hiari yake. Ili kijiji kipate maji. Spika ilikuwa nzuri, ilifika mpaka kwenye miwa. Alipofika kwenye "alimlilia kama mwanawe" sauti yake ilikatika kidogo, na wanawake wa kule juu wakajifuta macho, nadhani wengine kwa kweli. Mama mkubwa alikuwa amekaa wima, nazi mapajani. Alingoja mpaka makofi yakaisha. Kisha akageuka akanitafuta mpaka akaniona, nimesimama nyuma ya nguzo ya hema na kopo langu la rangi.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" akaniuliza, mbele ya watu wote.

Mdomo wangu umezoea mizaha. Hata siku hiyo ulijaribu. Nikasema karani ana mwandiko mbaya. Hakucheka mtu.

"Siku ile nilipoweka dole, ndivyo ilivyokuwa imeandikwa?"

Nikamwambia ndiyo.

Akaiweka nazi chini ya kiti, akavua shali, akaikunja vizuri kama anayerudisha kitu cha kuazima, akaiweka juu ya kiti. Akaenda zake. Ranjit akawaambia wageni kwamba mama amezidiwa na furaha.

Kesho yake alikwenda ofisini kutaka dole lake. Joglekar alimweleza kwamba dole halirudi, limekwisha kwenda wilayani. Akamwomba basi aandike karatasi nyingine, ya kusema kwamba ile ya kwanza ni uongo. Joglekar akamwambia anaweza, ila itabidi aonyeshe shahidi aliyekuwepo kisimani siku ile. Akaenda kwenye nyumba za wale wazee, mmoja mmoja. Mmoja alimwambia amesahau. Mmoja alimwambia ni zamani. Wa tatu, Kisan Jadhav, ambaye ndiye aliyekuwa anafunga kamba siku ile Bapusaheb alipokataza, alimwambia waziwazi kwamba anakumbuka mlio wa kila mara moja katika zile tatu, na kwamba hatasema, ana wajukuu. Kwangu hakuja. Mimi pia nilikuwepo kisimani. Nilikuwa na miaka saba lakini nilikuwepo. Kama angekuja ningemwambia nini, sijui. Oda ilikuwa na vijiji vingi bado.

Siku ya nne nikaitwa, bango limechafuliwa. Nikaenda na ndoo. Lilikuwa limepakwa mavi ya ng'ombe, yamesambazwa kwa kiganja, sawasawa, kama mwanamke anavyopiga sakafu ya nyumba yake. Jina lote limefunikwa, halionekani hata kivuli. Nikaosha. Asubuhi iliyofuata lilikuwa vilevile. Nikaosha.

Asubuhi ya tatu niliwahi, nikamkuta. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, beseni kiunoni, anapaka. Watoto waliokuwa wakimwita mwalimu walikuwa nyuma yake wakimwita kichaa. Nikamwambia, mama mkubwa, hilo ni jina lake, unalipaka mavi jina lake. Alimaliza herufi ya mwisho kwanza.

"Hilo si lake," akasema. "Huyo aliyeshuka kwa hiari yake simjui."

"Basi unataka niandike nini? Sema, nitaandika."

"Andika Mangbudi."

Nilidhani sikusikia. Maisha yetu yote tulilikimbia neno lile. Vijana wetu wakiwa mjini walisema wanatoka kijiji kingine. Akasema lile lilikuwa la matusi, lakini halikudanganya. Lilisema Mang amezama hapa, na amezama kweli. Mtu akipita akilisikia angeweza kuuliza nani, na kwa nini. Hili jipya limekwisha kujibu.

Nikamwambia siwezi, limekatazwa, ni jina la tabaka. Akainua beseni lake akaondoka. Tangu siku ile hajanisemesha. Yeye anapaka, mimi naosha. Ofisi imeniweka kwa mshahara wa mwezi kwa kazi hiyo, na watu wa mtaa wanasema ndio mara ya kwanza Mangbudi kuna ajira ya kudumu. Jina lenyewe wanalisema kwa kunong'ona, kwa sababu ya faini.

Ndiyo, faini. Kwa kuwa yeye alikuwa hanong'oni. Kila aliyemwuliza njia alimjibu kwa sauti, hapa ni Mangbudi, alizama Mang hapa, keti nikuambie. Alimwambia muuza bangili, alimwambia wanaosoma mita za umeme, alimwambia ofisa yuleyule wa wilayani alipopita na gari. Wiki iliyopita Joglekar akanipa barua nimpelekee. Niliisoma njiani. Ilikuwa onyo. Ilisema kwamba imeripotiwa ya kuwa Nakusa Avaghade anatumia hadharani jina lililopigwa marufuku, lenye kuidhalilisha jamii ya Mang, na kwamba akirudia atashtakiwa na kutozwa faini kwa kuwatukana Wamang.

Nilimkuta mlangoni anachambua mtama kwenye ungo. Nikampa. Akaigeuza, akaona mhuri, akagusa mhuri kwa kidole. Nikamwambia ni barua ya ofisi, nimsomee.

Akanitazama usoni, si kwa hasira, kama anavyotazama mtama aone kama una mawe. Akaikunja barua mara mbili, akaichomeka kiunoni kwenye pindo la sari, akavaa ndala. Mbele ya mlango nilikuwa nimesimama mimi, akanizunguka. Nilimwona anashuka kwenye kijito, anainua nguo, anavuka kwenda kijiji cha ng'ambo, ambako hatujui mtu, kutafuta wa kumsomea.